Uboho wa Ndugu Yangu Hassan

Watu wengi huandika habari za ugonjwa wao wakishapona. Mimi sijapona na sitapona. Naandika kwa sababu yale mabaya zaidi yameshanipita, na kwangu mimi mabaya zaidi hayakuwa sindano, wala kutapika, wala kuona nguo zangu zikinipwaya. Yalikuwa ni kungoja jibu. Jibu lilishakuja. Halikuwa zuri, lakini angalau sasa naweza kuketi na kuandika bila kushtuka kila mlango unapogongwa.

Nakuandikia wewe uliyeambiwa jana au juzi kwamba damu yako ina saratani, ukatoka kwa daktari ukasimama kwenye korido hujui uelekee wapi. Mimi pia nilisimama hapo. Sina dawa ya kukuuzia. Wenye dawa za kukuuzia utakutana nao wengi, na wengine watakuwa jamaa zako wa karibu.

Naitwa Shukri. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa, na nakaa mtaa wa Waberi na mume wangu Bashir, mfanyabiashara wa ng'ombe, pamoja na binti yetu Nasra. Mama yangu, ambaye sote twamwita Hooyo, anaishi nasi tangu baba alipofariki. Nafundisha Kiswahili watoto ambao nyumbani husikia Kisomali peke yake, kwa hiyo nimezoea kurudia jambo moja mpaka sauti ikauke. Mazoea hayo yalinisaidia sana kwenye ugonjwa, kama utakavyoona, na pia hayakunisaidia hata kidogo.

Ugonjwa wangu ulianza na shibe. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, wakati wa jilaal, kile kiangazi ambacho upepo hukuletea mchanga hadi ndani ya sufuria. Nilikuwa naketi kula nikiwa na njaa ya kweli, nameza matonge mawili matatu, tumbo linakataa. Nilitoka jasho usingizini mpaka shuka inalowa. Kisha tumbo likaanza kukua. Hooyo akafikiri nina mimba, akafurahi, akaanza kunichekea kila nikipita. Hata mimi nilifurahi, maana Nasra alikuwa msichana mkubwa na bado hajapata mdogo. Ila tumbo lilikuwa linakua upande wa kushoto tu, chini ya mbavu, gumu kama kibao cha chapati, na kadiri lilivyokua ndivyo mikono na mashavu yangu yalivyokwisha.

"Mimba gani hii inayokaa upande mmoja?" Bashir aliuliza siku moja. Hooyo aliacha kunichekea tangu siku hiyo.

Kwetu tumbo likivimba upande wa kushoto kila mtu anajua ni bandama, na kila mtu anajua dawa yake ni moto. Hooyo alimwita mzee mmoja kutoka Bura, fundi wa kuchoma. Alipasha kijiti cha mti mgumu katika makaa mpaka ncha ikawa nyekundu, akanichoma juu ya ule uvimbe, alama baada ya alama, huku Hooyo ameshika kichwa changu na kusoma Ayatul Kursi. Utaniuliza, mwalimu mzima nilikubali vipi? Nilikubali kwa sababu zahanati niliyoenda ilikuwa imenipa dawa za malaria mara kadhaa bila kunipima, na kwa sababu Hooyo alikuwa analia. Watu wengi wenye vyeti wana alama za moto tumboni. Ni vile tu hawavui shati mbele yako.

Watu wengine wakichomwa vidonda hukauka. Vyangu viligoma. Vilitoa usaha wiki baada ya wiki, na harufu yake ikanifanya niketi mbali na walimu wenzangu. Kwa hiyo moto ulinisaidia kwa namna moja: ndio ulionipeleka hospitali. Tabibu wa zamu alikuja kuangalia vidonda, akagusa tumbo, akaendelea kugusa akishuka chini, mpaka karibu na kitovu, na uso wake ukabadilika. Aliagiza nitolewe damu. Siku ya pili akaniandikia niende Nairobi.

Sasa nikwambie kuhusu benchi. Hospitali kubwa ya Nairobi ina benchi la mbao kwenye korido ya kliniki ya damu, na kwenye benchi hilo nimekaa sehemu ya maisha yangu. Ukitoka Garissa unafika umechoka. Umeshushwa kwenye basi vizuizini kuonyesha vitambulisho, umesimama juani huku umeshika tumbo lako, na polisi anakuuliza mtoto atazaliwa lini. Ukifika unakuta wenzako wa Kitui, wa Kisii, wa Turkana, wote wamefika kabla yako, wote wameshika faili. Alikuwapo mama mmoja kutoka Kitui, mnene wa sauti, ambaye kila kliniki alibeba viazi vitamu vilivyochemshwa, akanikatia nusu bila kuniuliza ninaumwa nini. Kwenye benchi lile hatukuulizana. Mtu akikosa kliniki moja tulimwekea nafasi. Akikosa ya pili, tulisogea. Baada ya muda mama wa Kitui naye akakosa, na mimi nikasogea kama wengine.

Daktari wangu alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu kwa umri, mwenye desturi ya kuvua viatu chini ya meza. Alinilaza kifudifudi, akaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, akavuta uboho, ule ute ulio ndani ya mfupa. Wakati wa kuingia kwa sindano unavumilia. Wakati wa kuvuta, unahisi kama mtu anakunyonya roho kwa mrija. Nilipiga kelele kwa Kisomali na sijui nilisema nini, ila mfagiaji aliyekuwa nje alikuwa mtu wa Wajir, na nilipotoka alinipa pole huku anacheka.

Majibu yalipotoka daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayejua atalazimika kueleza tena. Alisema vidonge vitaituliza damu yangu lakini havitaiponya. Nikauliza itatulia kwa muda gani. Akasema miaka michache, halafu itageuka, na ikigeuka hakuna cha kuituliza. Nikauliza kama hakuna kitu kabisa. Akasema kipo kimoja. Ndani ya uboho kuna chembe chache ambazo ndizo zinazozaa damu yote ya mwili. Yeye aliziita seli shina. Mimi nimeziita mama wa damu tangu siku hiyo. Mmoja wa hao mama zangu ameharibika na anazaa watoto wabovu bila kukoma. Huko ng'ambo wanaweza kuwaua wote, wabovu na wazima, kisha wakapanda wengine kutoka kwa mtu mwingine. Lakini mwili haukubali wa mtu yeyote tu. Awe ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata uboho wa huyo mara nyingi huwa haulingani.

"Una ndugu wa namna hiyo?" aliuliza.

Hooyo alizaa watoto saba. Tuliobaki ni wawili, mimi na Hassan.

"Ninaye mmoja," nilisema.

"Mlete," alisema daktari.

Nilirudi Garissa nikawaeleza watu wa nyumbani. Nilieleza kwa Kisomali kizuri, nikarudia, nikachora hata mchoro. Walichosikia ni uboho. Basi! Nani anakosa uboho Garissa? Kesho yake Bashir alirudi kutoka sokoni na mifupa ya ngamia gunia zima. Wachinjaji walikuwa wamesikia mke wake anahitaji uboho na kila mmoja akatoa. Hooyo akaichemsha, akaipasua kwa jiwe, akanimiminia bakuli. Nikala. Siku ya pili nikala. Wakwe wakatuma mifupa, majirani wakatuma mifupa, mkuu wa shule, mtu wa Nyeri asiyejua hata ngamia analiwa vipi, akatuma mfupa umefungwa kwenye gazeti. Nyumba nzima ilinuka mafuta. Tumbo langu lililokuwa linashiba kwa matonge mawili lilikuwa linapokea uboho wa ngamia asubuhi na jioni, na mara nyingi lilirudisha. Nilijaribu kusema kwamba huu si ule. Lakini Bashir alikuwa amechangamka kwa mara ya kwanza tangu niugue, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu ambacho yeye angeweza kukifanya. Nikaendelea kula.

Vidonge vilifanya kazi. Tumbo lilipungua, jasho likaisha. Lakini ngozi yangu ikaanza kuwa nyeusi, kwanza viganjani kwenye mistari, halafu uso mzima, weusi wa kufukizwa. Wanawake sokoni walianza kunisalimia kwa kuchelewa, wakihakikisha kwanza kama ni mimi. Damu yangu ya mwezi ilikatika na haikurudi, na daktari alisema nisiitarajie. Kwa hiyo Nasra hatapata mdogo. Nasra mwenyewe alikuwa ameanza kuweka kikombe chake peke yake, juu ya kabati. Nilipomuuliza alisema nyanya yake, mama yake Bashir, amemwambia ugonjwa wa damu huenda kwa mate. Nilimweleza kwamba huu hauambukizi. Alinisikiliza vizuri sana, kama mwanafunzi mwema, na kikombe kikabaki juu ya kabati.

Nao ndugu zake Bashir walianza kuja kuzungumza naye nje ya ua, wakinyamaza nikitoka. Sikuhitaji kuambiwa wanazungumza nini. Nilimwambia mwenyewe, nikiwa natandika kitanda, kwamba akitaka kuoa mke wa pili mimi sitalia. Alikasirika akatoka na viatu mkononi. Hatukulizungumza tena, na ningependa kukuambia kwamba lilikwisha, lakini lilikaa nasi chumbani kila siku.

Wakati huo huo tulikuwa tumeshamtumia Hassan ujumbe. Yeye alikuwa na ngamia upande wa Lafey, karibu na mpaka wa Somalia, na njia ya kumpata ilikuwa ile redio ya mawasiliano ya wafanyabiashara, ambapo unapewa nafasi ya maneno machache na mji mzima unasikiliza. Tulisema: Shukri ni mgonjwa, anataka uboho wa ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, njoo. Ndivyo tulivyosema, bila neno la ziada.

Hassan ni mdogo wangu. Siku aliyozaliwa, kitovu chake kilipofungwa, baba alimpa ngamia jike mchanga, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kiume. Mimi nilipozaliwa nilipewa jina. Ngamia yule alizaa, binti zake wakazaa, na Hassan akawa mtu mwenye kundi lake, kundi dogo lakini lote limetoka kwenye kitovu chake. Alikuwa bado hajaoa. Mahari yake ilikuwa inatembea kwa miguu minne huko Lafey na yeye nyuma yake.

Alifika na lori la mifugo lililosindikizwa na polisi, ana vumbi mpaka kwenye kope, hana kitu ila fimbo na kifurushi. Alinitazama uso uliogeuka mweusi.

"Abaayo, nimekuja," alisema, kwa lile neno letu la kumwita dada. "Twende."

Huko Nairobi tulipoingia kwa daktari, Hassan hakungoja kuambiwa aketi. Alipandisha kikoi chake mpaka gotini, akainua mguu wa kushoto akauweka juu ya kiti cha wagonjwa. Kiswahili chake ni kile cha sokoni, p huitamka b na v huitamka f, na alikuwa ametumia njia nzima kukipanga.

"Daktari," alisema, "hii mguu ya kushoto, funja. Hii ya kulia naomba niachie. Iko na kazi."

Daktari akanitazama, akamtazama. "Nivunje mguu wako kwa nini, kaka?"

"Si unataka uboho? Uboho iko ndani ya mfuba. Utatoa aje kama hujafunja?"

Tangu utotoni mwetu tumeona uboho ukitolewa kwa njia moja tu, kwa kugonga mfupa na jiwe. Hassan alikuwa amesafiri kutoka mpakani mpaka Nairobi akijua anakuja kupasuliwa mguu, na njia nzima alikuwa anachagua ni upi.

Daktari alicheka, kisha akaacha ghafla, akavaa viatu vyake, akasimama. "Hatuvunji mtu hapa," alimwambia. "Leo nachukua damu kidogo tu ya mkononi, tuone kama inalingana na ya dada yako. Ikilingana, huko ng'ambo watautoa kwa sindano hapa nyuma, kwenye nyonga, ukiwa umelala. Na mwili wako utatengeneza mwingine."

"Na miguu?"

"Utatembea kama kawaida. Miguu yako yote miwili."

Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hassan hakucheka. Alishusha kikoi chake polepole, akanyoosha mkono kwa ajili ya sindano, na mpaka tunarudi Garissa hakuzungumza. Nilidhani anaona haya.

Damu ilipelekwa nje ya nchi kupimwa, na daktari alisema itachukua muda. Wazee wa ukoo walikutana Garissa wakakubaliana kwamba uboho ukilingana watanisafirisha, mimi na Hassan, lisilowezekana wataliwezesha. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Nilianza kuzungumza habari za mwaka ujao. Nilimwambia Nasra nitamfundisha kushona. Nilimwambia mkuu wa shule aniwekee darasa la nane. Hooyo alifua nguo zangu za safari akazikunja na kuzifua tena zikiwa safi. Hata ngozi niliiona kama inarudi, ingawa kila mtu mwingine aliiona ile ile.

Kisha zikaja mvua zile za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zile ambazo redio iliziita El Niño na sisi tukaziita majina mengine. Mto Tana ulipanda ukaingia mashambani na majumbani. Barabara ya Nairobi ikakatika, simu zikafa. Jibu langu lilikuwa kwenye droo ya mtu huko Nairobi na mimi nilikuwa upande huu wa maji. Vidonge vilipokaribia kwisha nikaanza kumeza kimoja badala ya viwili, kisha kwa kuruka siku, na tumbo likaanza tena kuwa gumu upande wa kushoto. Baada ya maji ikaja homa ya mifugo. Kondoo na mbuzi walianguka kila mahali, watu nao wakafa, wakitoka damu, na nyama ikakosa mlaji mji mzima. Ndivyo mifupa ilivyokoma kuja nyumbani kwangu.

Kila mfugaji aliyekwama mjini siku zile alishinda kwenye ile redio ya mawasiliano. Walisukumana kuuliza: huko kwetu mvua imefikaje, malisho yakoje, wanyama wamepona? Wazee wazima walikuwa wanapiga kelele kwenye kile kidude kama watoto. Hassan hakwenda. Siku ya kwanza nilifikiri amechoka. Siku zikapita, anakaa barazani anatazama mvua, anachonga kijiti cha mswaki.

"Hassan," nilimwambia, "mbona huendi kuuliza habari za ngamia wako?"

"Wa nani?"

"Wako."

"Sina ngamia, abaayo," alisema, akaendelea kuchonga.

Ilibidi nimng'ang'anie mpaka aseme. Ujumbe wetu ulipofika, alikuwa amemwita Adan, mtoto wa ami yetu, mbele ya wazee wa kisima, akamkabidhi ngamia wote. Hakusema amshikie. Alimpa.

"Mtu wa mguu mmoja hafuati ngamia," alisema. "Nilitaka wawe na mwenyewe mzima kabla sijarudi kilema. Sikutaka kurudi nao wameliwa na fisi, halafu nianze kuombaomba watu wanichungie."

"Lakini hukuvunjwa mguu! Mtumie ujumbe. Adan ataelewa."

"Nilitoa mbele ya watu."

"Atakurudishia hata bila kuombwa."

"Abaayo, nilitoa mbele ya watu," alisema tena, na kwetu neno hilo halina jibu. Kilichotolewa hivyo hakidaiwi, na mwenye kukidai haonekani tena kwenye kikao chochote.

Nilimpigia kelele. Nilimwita mjinga, nikamwita mshamba, nikamuuliza nani alimwambia ajiamulie mambo ya hospitali akiwa msituni. Hooyo alitoka ndani na ndara moja mguuni kuona kuna nini. Hassan aliendelea kuchonga kijiti chake. Nilikuwa na hasira naye na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda saa ile. Alikuwa ameutoa mguu ambao hakuna aliyeutaka, na mguu huo ulikuwa umeondoka na kundi lake, na mahari yake, na kazi pekee anayoijua.

Tangu hapo jibu halikuwa langu peke yangu. Nililitaka kwa ajili yake. Niliwaza kwamba uboho ukilingana, angalau atakuwa ametoa ngamia kwa kitu.

Barabara ilipofunguka, kwa kukwama na kukwamuliwa, tulikwenda. Benchini hakukuwa na hata mmoja niliyemjua. Daktari alipotuona alifunga mlango mwenyewe, akaketi upande wetu wa meza, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo. Daktari haketi upande wako kwa habari njema.

"Haulingani," alisema. "Pole sana, Mwalimu."

Hassan hakuelewa. "Hailingani na nani?"

"Na wa dada yako."

"Mimi na yeye tumetoka tumbo moja. Baba moja, mama moja. Uliza huyu."

"Najua, kaka. Hata hivyo huwa inatokea. Mara nyingi."

Alifikiri. Kisha akakunja mkono wa shati, akaweka mkono juu ya meza, kiganja juu. "Bima tena," alisema. "Ile siku nilikuwa na njaa ya safari. Damu ilikuwa imechoka. Sasa nimekaa kwa dada, nimekula, nimekunywa maziwa. Bima tena sasa."

Daktari angeweza kumweleza kwamba njaa haibadilishi kitu. Alinitazama mimi. Kisha akainuka, akafunga mpira mkononi mwa Hassan, akachukua damu kichupa kimoja, akakiandika jina lake vizuri, akakiweka mbele yake palipoonekana. Najua hakukipeleka popote. Katika mambo yote niliyotendewa hospitali, hilo ndilo ninalomshukuru zaidi.

Hassan aliuliza, damu ikikataa tena kulingana watafanyaje. Daktari alisema kwamba huko ng'ambo kuna wataalamu wanaozichunguza hizo chembe zinazozaa damu usiku na mchana. Wengine wanatafuta namna ya kuufanya mwili uzipokee hata zisipolingana, wengine wanazikusanya kutoka kwenye damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa, wengine wanataka kuzikuza kwenye vyombo.

"Kitofu?" alisema Hassan.

"Ndiyo, kitovu. Lakini bado wanatafuta. Si leo, kaka."

Mimi nilisikia "si leo." Hassan alisikia "wanatafuta." Tulitoka chumba kimoja na habari mbili.

Huo ndio mwisho wa kungoja kwangu. Nina machache ya kukuambia, nayo si ya kitabibu. Usimruhusu mtu akuchome moto kwa ajili ya bandama, hata akilia. Usikate vidonge nusu ukidhani unavifanya vidumu. Mtoto wako akiweka kikombe chake juu ya kabati, mwache. Nasra alikishusha mwenyewe mwaka uliofuata, bila kutangaza, na nilikiona kwenye ndoo pamoja na vyombo vingine nikaenda chooni nikalia. Na ukiwa na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kabla hajapanda gari mweleze kinagaubaga ni nini kinachotakiwa mwilini mwake na kinatolewa vipi. Tumia maneno mengi. Ungoje zamu nyingine ya redio ikibidi.

Bashir hajaoa. Sijui kama ni mapenzi au ni haya, na siulizi. Alimtafutia Hassan kazi kwenye soko la mifugo, kupakia ng'ombe wa watu kwenye malori. Anaamka mapema, anatembea kwa haraka na miguu yake mizima, na ngamia wakipitishwa kuelekea mtoni huwa anageuka akatazama upande mwingine. Adan alituma ujumbe mara mbili kwamba aje achukue wanyama wake. Hakujibu.

Kliniki iliyopita daktari aliniambia damu imeanza kugeuka. Alikuwa amenieleza tangu mwanzo kwamba siku hiyo ingekuja, kwa hiyo hatukuzungumza sana. Alinipa vidonge vya aina nyingine na akanishika bega. Nilipanda basi la jioni la kurudi Garissa.

Kila nikirudi Hassan huwa ananingoja basi linaposimama, na safari hii alikuwepo pia, ana mavi ya ng'ombe kwenye viatu. Alinipokea mkoba. Hakuuliza ninaendeleaje. Hajawahi kuuliza hilo. Huuliza jambo moja tu.

"Wameweza?"

"Bado," nilimwambia.

"Si kitu," alisema. "Ukienda tena waambie mimi nipo. Waambie siendi popote."

Nikasema nitawaambia. Yeye hatakwenda popote, nalijua hilo. Mimi ndiye nitakayekwenda, pengine kabla ya mvua zijazo, na bado sijapata namna ya kumwambia.